Toyota za Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ubovu na Namna ya Kuutafuta

Maswali haya ni ya watu wanaoendesha Corolla AE100 na AE110, Sprinter, Carina, Starlet, Mark II na Noah za mwanzo, magari yaliyoshuka bandarini Dar es Salaam au Mombasa yakiwa yameshatumika Japani, na sasa mengi yamepita miaka 25. Mifano mingi nimeitoa kwenye injini ya 5A-FE, ile ya cc 1498, kwa sababu ndiyo niliyoishi nayo. Mwenye Nissan au Mitsubishi ya rika hilo hatapotea sana. Majina ya waya yatabadilika, ila akili ya kutafuta ni ileile.

Gari limeanza kusumbua. Nianzie wapi?

Anza na maswali, spana ije baadaye. Linasumbua likiwa la baridi au likishapata moto? Mvua ikinyesha? Ukiwasha AC? Ukikata kona? Na kabla halijaanza, nani aliligusa mara ya mwisho na alifungua nini? Ubovu mwingi huanza siku mbili tatu baada ya gari kutoka gereji, soketi moja ikiwa imesahaulika kurudishwa au mpira wa hewa umechomoka.

Mimi nililijua hili kwa hasara. Corolla yangu ilikuwa inakata moto ghafla, hasa usiku nikiwa nimewasha taa na feni. Gereji ya kwanza wakabadilisha pampu ya mafuta. Ya pili wakabadilisha plagi na waya zake, kisha distributa (kigawa moto cha plagi) nzima ya mtumba. Mwezi na nusu ukapita hivyo. Mwisho akaja mzee mmoja fundi umeme, hana kitu zaidi ya mita ya mkononi. Akaweka ncha moja kwenye bloku ya injini, nyingine kwenye kichwa hasi cha betri, akaniambia, "Piga stata, mwanangu." Mita ikasoma volti 1.3, wakati haitakiwi kuzidi 0.2 au 0.3 hivi. Waya wa ethi (wa kurudishia umeme) unaotoka kwenye betri kwenda kwenye giaboksi ulikuwa umeoza ndani ya plastiki yake, huku nje unang'aa kama mpya. Waya mwingine ulinigharimu bei ya chakula cha mchana.

Tangu siku ile sinunui spea ambayo haijapimwa ikaonekana mbovu. Fundi akikuambia "tubadilishe hii kwanza tuone", muulize ameipima vipi. Akikosa jibu, anakisia kwa pesa yako.

Vifaa vya kuwa navyo ni vichache: mita ya umeme ya bei ya kawaida, tochi, kipande kifupi cha waya, bisibisi, na spana namba 10, 12 na 14. Kwenye Toyota hizi spana hizo tatu zinafungua karibu kila kitu utakachokigusa wewe mwenyewe.

Asubuhi nikizungusha funguo linasema "tak!" mara moja, kisha kimya. Betri imekufa?

Labda, ila usikimbilie dukani. Washa taa kubwa, kisha jaribu kupiga stata huku ukiangalia mwanga wake ukutani. Taa zikififia hadi kukaribia kuzima, betri ni dhaifu au vichwa vyake vimelegea na kuota unga mweupe. Taa zikibaki vilevile na unasikia "tak!" tu, umeme upo wa kutosha, ubovu uko kwenye stata.

Ndani ya stata za Toyota hizi kuna vipande viwili vidogo vya shaba ambavyo hugusanishwa ili umeme mkubwa upite kwenda kwenye mota. Kila ukiwasha gari vinaungua kidogo. Baada ya miaka kimoja huwa kimelika upande, kimebaki chembamba kama ukucha. Dalili yake inajulikana: unajaribu mara nne, linasema "tak, tak, tak", mara ya tano linawaka kama hakuna kilichotokea. Wengi huuziwa stata nzima ya mtumba ambayo nayo shaba zake ziko njiani kuisha. Mwambie fundi afungue ya kwako, abadilishe shaba hizo na asafishe kile chuma kinachozigusa.

Kwa kipimo cha betri yenyewe: gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ukipiga stata ikashuka chini ya 9.6, hiyo kweli imechoka.

Nimeweka betri mpya, lakini kila baada ya siku tatu imeisha.

Kuna mambo mawili. Ama haichajiwi, ama kuna kitu kinainyonya usiku. Washa injini, pandisha mzunguko kidogo, weka mita kwenye betri. Ukiona kati ya volti 13.8 na 14.5, altaneta inafanya kazi yake. Ikiwa chini ya 13, angalia mkanda wake kama umelegea kabla hujailaumu. Ikipita 15, regyuleta (kidhibiti cha chaji) imekufa na inaichemsha betri. Usiendelee kutembea hivyo.

Kama chaji iko sawa, tafuta mnyonyaji. Zima kila kitu, funga milango, legeza waya hasi wa betri, uweke mita katikati ya waya na betri ukiwa umeichagua kusoma ampea 10. Usijaribu kupiga stata mita ikiwa hapo, utaiunguza. Baada ya dakika chache isome chini ya ampea 0.05. Ikisoma zaidi, anza kuchomoa fyuzi moja moja. Ile utakayoichomoa usomaji ukaanguka, ndiyo njia ya mwizi wako. Mara nyingi nimekuta ni redio iliyofungwa mtaani, alamu ya bei rahisi, au taa ya buti ambayo haizimi kifuniko kikishushwa. Ikiwa fyuzi zote zimetoka na bado umeme unapita, chomoa waya mnene wa altaneta; daiodi zake zikitoboka hurudisha umeme nyuma usiku kucha.

Stata inazunguka vizuri, ila gari haliwaki kabisa.

Injini ya petroli inadai moto, mafuta, na vyote vifike kwa wakati wake. Kwa moto, chomoa waya mmoja wa plagi, chomeka plagi ya akiba, igusishe kwenye chuma cha injini na mtu apige stata. Shika kwa koleo yenye mpira. Unatafuta cheche ya bluu inayolia. Ile ya rangi ya chungwa isiyo na sauti haina nguvu.

Kwa mafuta, watu wengi hudanganyika hapa. Wameambiwa wafungue funguo wasikilize pampu ikilia kwenye tanki. Kwenye Corolla hizi pampu haizunguki kwa kufungua funguo peke yake. Inasubiri injini izungushwe. Kwa hiyo ukimya huo si ubovu. Fungua boneti, tafuta kile kiboksi kidogo cha plastiki kilichoandikwa DIAGNOSIS, fungua kifuniko chake, unganisha tundu la +B na la FP kwa kipande cha waya, kisha fungua funguo bila kuwasha. Sasa pampu inatakiwa ilie, na ukibana mpira wa mafuta unaokwenda kwenye injini kwa vidole utasikia mgandamizo. Ikilia hivi lakini stata ikipigwa hailii, pampu ni nzima. Mbovu ni rilei yake (swichi inayoendeshwa na umeme) au kitu kinachoipa rilei amri.

Kwa taimingi, toa kapu ya distributa na mtu azungushe stata. Rota, kile kipande cha ndani yake, isipozunguka, taimingi belti (mkanda unaoendesha valvu) imekatika. Habari njema kwa wenye 4A-FE na 5A-FE ni kwamba belti ikikatika, kwa kawaida valvu hazigongani na pistoni, hivyo unafunga belti mpya na safari inaendelea. Usiizoee habari hiyo. Kuna injini nyingine ambazo belti ikikatika unanunua silinda hedi. Kilomita 100,000 ndizo za kubadilishia, na kama hujui mwenye gari wa kwanza alibadilisha lini, hesabu kwamba hakubadilisha.

Taa ya cheki enjini inawaka. Lazima nipeleke kwenye kompyuta?

Gari la miaka ya 90 mara nyingi mashine za kisasa hata hazipati pa kuchomeka. Lakini lenyewe linasema, tena bure. Rudi kwenye kile kiboksi cha DIAGNOSIS. Unganisha TE1 na E1 kwa waya, hata klipu ya karatasi inatosha. Hakikisha AC imezimwa na mguu hauko kwenye eksileta. Fungua funguo bila kuwasha injini, uitazame taa.

Ikipepesa mfululizo kwa kasi ileile bila kituo, haina kosa la kukuambia. Ikiwa na kosa, itapepesa kwa tarakimu mbili: mara mbili, inatulia kidogo, mara mbili tena, hiyo ni 22. Zikiwa kadhaa, itatulia kirefu zaidi na kwenda kwenye nyingine, kisha irudie zote. Kaa na kalamu.

Zinazojitokeza sana: 14 ni alama ya mwasho hairudi kwenye kompyuta ya injini, na gari huenda haliwaki kabisa. 21 ni sensa ya oksijeni kwenye ekzosi. 22 ni sensa ya joto la maji. 31 kwenye 5A-FE ni sensa ya mgandamizo wa hewa, na mara nyingi kosa ni mpira wake mwembamba uliopasuka. 41 ni sensa ya throto. 42 ni ya mwendo. 52 ni ya kugonga kwa injini. Ukipata 51, kabla hujaogopa, angalia kama AC iko wazi au mguu uko kwenye eksileta.

Namba hukuonyesha mtaa, nyumba utaitafuta mwenyewe. 22 inaweza kuwa sensa, inaweza kuwa soketi yake iliyojaa kutu ya kijani. Nimefuta 22 mara mbili kwa kusafisha soketi tu. Ukimaliza, zima funguo, chomoa fyuzi ya EFI kwa sekunde kama 15 na uirudishe. Taa isipowaka tena ndani ya siku chache, ulipatia.

Gari linamisi (silinda haiwaki sawasawa), hasa mvua ikinyesha.

Mvua imeshakupa nusu ya jibu: umeme wa plagi unavuja. Usiku, mahali pa giza, fungua boneti injini ikiwa inanguruma, puliza maji kidogo kwa chupa ya kunyunyizia kwenye waya za plagi na kapu ya distributa. Utaona cheche ndogo zikirukaruka kama vimulimuli. Panapowaka ndipo pa kubadilisha.

Likimisi hata jua likiwaka, chomoa waya za plagi moja baada ya nyingine injini ikiwa inazunguka. Silinda nzima ukiichomoa injini inashtuka na kupungua nguvu. Ile usiyoona tofauti ndiyo iliyokuwa haifanyi kazi. Toa plagi yake uisome. Kahawia hafifu ni afya. Nyeusi kavu kama masizi ya sufuria, mafuta yanazidi. Nyeupe kama imepakwa chokaa, inaungua kwa joto au hewa imezidi. Iliyolowa oili, kwenye hizi 5A-FE angalia kwanza mashimo ya plagi: mipira ya kava ya valvu ikikauka, oili huvuja ndani ya shimo na kuloweka kichwa cha waya. Watu wameambiwa wafanye ovahoo kwa mpira usiozidi ukubwa wa pete.

Sailensi (mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta) inapanda na kushuka yenyewe, au gari linazima kwenye foleni.

Throto imejaa uchafu mweusi, au ile valvu ndogo ya hewa iliyo chini yake imeganda. Safisha zote kwa dawa ya kusafishia kabureta. Ikiendelea, tafuta hewa inayoingia kwa wizi: pulizia dawa hiyohiyo kidogo kidogo kwenye mipira ya vakyumu na gasketi ya manifoldi, injini ikiwa ya baridi na chombo cha kuzimia moto kikiwa karibu. Sauti ikibadilika, umepata tundu. Usikubali fundi akaze skrubu ya sailensi kufunika tatizo, maana wiki ijayo utakuwa unanguruma kwa mzunguko 1,500 kwenye taa za barabarani huku mshale wa mafuta ukishuka.

Gari linachemsha. Fundi ametoa thamostati na sasa halichemshi. Kwa nini nirudishe?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu huu ndio ugonjwa unaoua injini nyingi kuliko yote, na dawa yake ya mtaani ndiyo ninayoichukia kuliko zote.

Thamostati ni mlango unaofunguka maji yakifika nyuzi 82 hivi. Ukiitoa, injini inachelewa kupata joto lake la kazi. Kompyuta inaona bado ni baridi na inaendelea kumwaga petroli nyingi. Ndiyo maana wengi wanaokuja kulalamika kwamba gari linakunywa mafuta, ukiwauliza, thamostati ilitolewa zamani. Tena kwenye injini nyingi za Toyota thamostati ina kisahani cha pili upande wa nyuma, ambacho injini ikipata moto huziba njia ya mkato ya maji. Bila kisahani hicho, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Siku ya mlima mrefu na mzigo, lile gari "lililopona" linachemsha kuliko mwanzo.

Kuipima ni kazi ya jikoni. Itumbukize kwenye sufuria ya maji juu ya jiko. Kabla maji hayajachemka kabisa inatakiwa iwe imefunguka wazi, na ikipoa ijifunge. Ikigoma, nunua mpya. Kitundu kidogo chenye kipini kikae juu, ili upepo utoke.

Lakini thamostati si mshitakiwa peke yake. Jiulize linachemsha lini. Likichemsha kwenye foleni na kupoa ukipata mwendo, shuku feni. Fungua funguo bila kuwasha, chomoa soketi ya swichi ya joto inayoiamuru feni. Kwenye Corolla hizi feni inatakiwa izunguke mara moja, kwa sababu swichi hiyo hukata njia maji yakipita nyuzi 93, na kuichomoa ni sawa na kuiambia kuna moto. Feni isipozunguka, fuata fyuzi, rilei na mota yenyewe. Ikizunguka, swichi ndiyo mbovu. Likichemsha kwenye mwendo wa kasi, rejeta imeziba ndani au pampu ya maji imechoka. Na kifuniko cha rejeta kisidharauliwe: kinabana mgandamizo wa karibu 0.9 ya hewa ya kawaida ili maji yachelewe kuchemka. Mpira wake ukipasuka, maji yanakimbilia kwenye chupa na hayarudi.

Ukishachemsha, zima, fungua boneti, ukae kivulini. Usifungue kifuniko cha rejeta hata kama abiria wanakufokea. Maji yale yanaruka yakiwa zaidi ya nyuzi 100 na yanabandua ngozi. Subiri nusu saa au zaidi, ushike mpira wa juu. Ukibonyea bila kukuunguza, fungua kwa kitambaa, taratibu. Usimwage maji ya baridi kwenye injini ya moto, silinda hedi itapinda au kupasuka.

Kujua kama gasketi ya hedi imeungua: injini ikiwa ya baridi, toa kifuniko cha rejeta, jaza maji, washa. Mapovu yasiyoisha yakitoka, gesi ya silinda inapenya kwenye maji. Mpira wa juu ukiwa mgumu kama jiwe dakika moja tu baada ya kuwasha, vilevile. Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, usiwashe tena. Na fundi akifungua hedi, ipimwe kwa rula iliyonyooka na kuchongwa kama imepinda. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda haikai.

Tumia kulanti (dawa ya rejeta), nusu kwa nusu na maji safi. Maji ya kisima cha chumvi ndiyo yanayokula pampu na rejeta za watu wa pwani.

Moshi unaotoka nyuma unaniambia nini?

Mweusi ni petroli inayozidi. Mweupe unaoisha baada ya dakika chache asubuhi ya baridi ni mvuke tu. Mweupe mzito usioisha, wenye harufu tamutamu, ni maji yanayoungua, rudi kwenye jibu lililotangulia. Wa bluu ni oili. Ukitoka mara moja tu ukiwasha asubuhi, au ukiachia eksileta kwenye mteremko kisha ukakanyaga tena, ni sili za valvu, kazi ndogo. Ukitoka muda wote unapovuta, ni ringi za pistoni.

Wenye 1ZZ-FE za mwanzo, zile za mwishoni mwa miaka ya 90 hadi kama 2001, injini yenu ina sifa ya kula oili kwa sababu ya matundu madogo ya kurudishia oili kwenye pistoni, ambayo huziba. Pimeni oili kila wiki. Injini nyingi za namna hii hazikufa kwa kula oili. Zilikufa kwa mwenyewe kutojua kwamba imeisha.

Kubadili kwenda oili nzito kama gundi ili moshi ufifie ni mbinu ya anayetaka kuuza gari. Ukienda kununua, toa dipstiki uiguse.

Linakunywa mafuta kupita kiasi.

Thamostati iliyotolewa, sensa ya joto la maji, sensa ya oksijeni, plagi zilizochoka, filta ya hewa, breki inayobana, upepo mdogo kwenye matairi. Fuata mpangilio huo. Kwa breki, endesha kidogo kisha gusa rimu zote. Yenye moto kuliko wenzake inabana.

Na petroli yenyewe? Neno kuchakachua lilipata umaarufu mkubwa Tanzania kwa sababu ya mafuta haya haya, vituo vilipokuwa vikichanganya mafuta ya taa. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka kinasaba (alama ya utambuzi) kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili uchanganyaji usilipe. Bado, gari likianza kugonga na kukosa nguvu kilomita chache baada ya kujaza, jaza kwingine kabla ya kufungua injini.

Miguu inagonga. Nitajuaje ni kipi?

Sikiliza. "Kakakaka" ukikata kona huku ukikanyaga mafuta: jointi ya nje ya draivu shafti, na ukiangalia mpira wake utakuta umepasuka na grisi imeruka kwenye rimu. "Koko, koko" ndogo kwenye vijishimo: linki za stebilaiza, shika kwa mkono utikise, zilizokufa zinacheza. "Du!" moja nzito ukikanyaga breki au ukiondoka: bushi za wishiboni. Gari linaendelea kudundadunda baada ya tuta: shokapu. Usukani ukitetemeka kuanzia kilomita 80 ni balansi ya matairi. Ukitetemeka unapokanyaga breki tu, diski zimepinda.

Boljointi (kiungo cha mpira wa chuma kinachoshika gurudumu) usiisubirishe. Inua gari kwa jeki, weka stendi, shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, gari halitembei hadi litengenezwe, kwa sababu boljointi ikichomoka tairi linalala chini na wewe ukiwa mwendoni.

Breki inazama hadi chini.

Pampu pedali mara tatu. Ikipanda na kubaki juu, kuna upepo au shuu za nyuma zinahitaji kukazwa. Ikipanda kisha ikazama polepole ukiwa umeikanyaga na hakuna uvujaji nje, masta silinda imekwisha. Kutoa upepo huanza kwenye gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Mafuta ya breki yawe ya chupa iliyofungwa. Oili ya injini au haidroliki inavimbisha mipira yote ndani ya saa chache. Kama huna uhakika na breki, gari liitiwe breakdown, lisiendeshwe "taratibu hadi kwa fundi".

Giaboksi ya otomatiki inachelewa kuingia gia.

Pima mafuta yake kwanza: injini ya moto, sehemu tambarare, pitisha gia zote, rudisha P, injini ikiendelea kuzunguka. Mekundu na safi ni salama. Kahawia yenye harufu ya kuungua, ubovu umeshaanza ndani. Soma maandishi kwenye dipstiki au kitabu cha gari, ununue aina hiyohiyo, maana ya Corolla ya 1997 na ya Noah ya 2003 si moja hata kama zote ni nyekundu. Taa ya O/D OFF ikipepesa yenyewe, giaboksi imehifadhi kosa la umeme. Likitatuliwa hilo, mara nyingi hakuna haja ya kuishusha.

Spea ninunue mpya ya bei rahisi au mtumba wa Japani?

Inategemea kitu. Altaneta, stata, sensa, distributa: ya mtumba halisi ya Gerezani (Dar es Salaam) au Kirinyaga Road (Nairobi) huishinda mpya ya boksi la kuigiza, lakini ipimwe mbele yako na uandikiwe risiti yenye siku za kurudisha. Vitu vya mpira na vya kuisha, yaani belti, sili, pedi, thamostati, bushi, nunua vipya tu. Nenda na kile cha zamani mkononi na namba ya chesisi kwenye simu. Maneno "ya Corolla" peke yake yatakurudisha sokoni mara mbili.

Injini yangu ni D4. Niibadilishe?

Sikushauri upesi. D4 hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya mgandamizo mkubwa, kwa hiyo petroli chafu inaiumiza haraka na masizi hujaa kwenye njia za hewa. Isafishwe manifoldi, iwekwe filta, ujaze kituo unachokiamini. Kama pampu ya mgandamizo imekufa na bei ya nyingine inakaribia ya injini ya kawaida, hapo mazungumzo ya kubadilisha yana maana, na kadi ya gari ibadilishwe vilevile.

Nimepita kwenye maji ya mafuriko, gari likazima katikati. Niwashe?

Usiwashe! Kila mwaka bonde la Jangwani, Dar es Salaam, likijaa kuna mtu anapiga stata ya mwisho ya injini yake. Maji hayabanwi kama hewa. Yakiwa ndani ya silinda na pistoni ikapanda, kinachopinda ni konrodi, ule mkono unaoshika pistoni.

Sukuma hadi pakavu. Toa waya hasi wa betri. Fungua filta ya hewa. Ikiwa kavu una bahati. Ikiwa imelowa, toa plagi zote nne, rudisha betri, chomoa waya wa umeme wa distributa, kisha piga stata kwa vipindi vifupi huku kila mtu akiwa mbali na mashimo ya plagi, maana maji yanaruka hadi juu ya boneti. Yakiisha kutoka, angalia dipstiki ya injini na ya giaboksi. Rangi ya maziwa kwenye mojawapo, mwaga mafuta kabla ya kuwasha. Ikiwaka, badilisha oili tena baada ya siku mbili au tatu. Zulia litoe lote, ulianike juani na ufungue soketi za waya zilizo chini yake uzikaushe, kwa sababu zile zitaanza kukusumbua miezi mitatu baadaye, wakati umeshasahau kwamba uliwahi kupita Jangwani.